Mwongozo wa Kupima Kiyoyozi Kinachopuliza Joto, Toleo la Ngara na Biharamulo

Mwongozo huu ni wa mwenye gari dogo la mtumba lililoshuka melini likitoka Japani, ambalo dalali alilinadi kwa maneno mawili tu, "ful kipupwe", na ambalo leo ukibonyeza kitufe cha AC linakupulizia joto usoni. Umeandikwa kwa matumizi ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Wenzetu wa Dar es Salaam wana mafundi wao na jasho lao, hatuwaingilii.

Kabla hujafungua boneti, jiandae kujibu swali la baba mkwe: kiyoyozi cha nini? Swali si la kijinga. Ngara imekaa kwenye vilima vinavyopita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai pale Murgwanza unapishana na watu waliojifunga makoti mpaka kidevuni. Baridi ipo, tena bure. Ukimwambia mzee kwamba umemlipa fundi akuongezee nyingine, ataomba ipimwe akili yako kabla ya gari.

Mjibu kwa adabu kwamba gari halilali Ngara siku zote. Linashuka Rusumo, ambako mto Kagera umejichimbia bonde na joto likapata pa kukaa. Linakwenda Lusahunga, Nyakanazi na Biharamulo mjini, kiangazi, saa saba mchana, abiria watatu kiti cha nyuma na wa nne amepakatwa. Akiendelea kukutazama, mtajie mbung'o, naye atanyamaza.

Barabara zetu zinapita jirani na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuyaunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi kuwa eneo moja la kilomita za mraba 4,707. Simba na twiga ni habari ya watalii. Mwenyeji anamjua mbung'o, mdudu aliyekwisha kuhamisha vijiji vya Biharamulo kwa ugonjwa wa malale enzi za Mwingereza. Mbung'o hufuata chochote kikubwa kinachotembea, na hajui tofauti ya nyati na Noah. Rangi nyeusi na bluu iliyoiva humvutia zaidi, ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na ndiyo sababu mwenye Noah nyeusi anayepita huko asimlaumu mtu. Sasa vioo vimefungwa kwa sababu ya mbung'o, AC inapuliza joto, na unachagua: uive au ung'atwe. Hapo hata baba mkwe atauliza fundi yuko wapi.

Kuna na sababu ya pili, ambayo haisemwi mbele za watu. Ni heshima. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na Benaco, mahali palipobakiwa na jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi, pakageuka kambi kubwa kuliko miji mingi ya mkoa. Msiba ule hauna cha kuchekesha na mwongozo huu hauugusi. Lakini nyuma ya wakimbizi yalikuja mashirika, na mashirika yalikuja na Land Cruiser nyeupe zilizopandisha vioo mpaka juu, na wilaya nzima ikajifunza kwamba mtu mwenye uamuzi huzungumza kupitia kioo kilichoshushwa nusu. Kambi zilifungwa. Somo la kioo lilibaki.

Basi tuanze kazi.

Hatua ya kwanza ni kutazama kile kitufe cha kuzungusha chenye bluu upande mmoja na nyekundu upande mwingine. Nisamehe kwa kukuanzishia darasa la awali, lakini katika wilaya hizi mbili huu ndio ugonjwa wenyewe mara nyingi kuliko mafundi wanavyopenda ijulikane. Dereva wa Ngara anawasha gari saa kumi na mbili asubuhi, kioo kimeshika ukungu, mikono imekufa ganzi. Anazungusha kwenye nyekundu. Raha mustarehe. Anapakia, anateremka, anasahau. Akifika Nyakanazi jua limesimama utosini, anabonyeza AC, anapokea joto. Anampigia fundi simu. Fundi, bila kuliona gari, bila hata kuuliza ni gari gani, anasema: gesi imeisha, bosi.

Wakati huo kiyoyozi kinafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa. Kinaipoza hewa, halafu hewa hiyohiyo inapitishwa kwenye rejeta ndogo ya hita, yenye maji ya injini yanayokaribia nyuzi 90, ndipo inakufikia wewe. Rudisha kitufe kwenye bluu. Ikipoa, umepona, usimsimulie mtu yeyote, na fundi mwambie umeghairi safari. Isipopoa, tega sikio nyuma ya redio. Kuna kijimlango mle ndani kinachoamua hewa ipite kwenye hita au iikwepe, na kina mota ndogo ya plastiki. Ukisikia tak-tak-tak kila unapozungusha, meno ya mota yamelika na mlango umebaki upande wa moto. Ushahidi zaidi unapatikana kwa kuibana kidogo ile mipira miwili ya maji inayoingia kwenye ukuta wa injini, ambayo ndiyo ya hita. Ibane injini ikiwa bado ya baridi, kwa kibanio kisichokata mpira, kisha washa na usubiri. Hewa ikipoa, mshitakiwa ni mlango, na gesi iachwe huru.

Hatua ya pili ni kusikiliza tena, safari hii ukiwa mbele ya boneti iliyofunguliwa. Mtu akae ndani abonyeze AC. Unatakiwa usikie "kacha!" moja, injini ishuke sauti kidogo kama imebebeshwa, na feni ya mbele ianze kuzunguka. Ile "kacha" ni klachi ya kompresa imeshika. Pasipo "kacha" hakuna baridi, hata gesi iwe imejaa mpaka kwenye usukani.

Kama iko kimya, anza na vya bei nafuu: fyuzi, kisha relei. Kwenye magari mengi ya Kijapani relei ya AC na ya honi ni za aina moja, kwa hiyo unaweza kuazima ya honi ukajaribia. Soma mfuniko wa boksi la fyuzi kwanza uhakikishe zinafanana. Jaribu haraka na uirudishe haraka. Mbuzi wa barabara ya Rulenge hawatishiki na hewa baridi, wanahitaji honi.

Relei na fyuzi zikiwa nzima, ipo swichi ya presha kwenye moja ya mabomba, kitu kidogo chenye waya, kinachodharauliwa kuliko vyote. Kazi yake ni kuizuia kompresa isizunguke kama gesi ni kidogo mno au imezidi mno. Ni mlinzi wa getini. Oili inayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiwa haba, oili nayo hairudi, na kompresa inajisaga chuma kwa chuma. Swichi inalijua hilo, ndiyo maana inakataa.

Hapa ndipo ufundi wa vichakani unapong'ara. Fundi anachomoa soketi ya swichi, anaunga waya, anaweka dairekti. "Kacha!" Kompresa inazunguka, wote mnapiga makofi, unalipa, unaondoka. Mnafika Nyakahura salama. Baada ya hapo inaanza sauti fulani, kwanza ya mbali, unadhani ni lori la nyuma. Unga wa chuma ulioanzia kwenye kompresa sasa unatembea kwenye mfumo mzima, unaziba valvu, unajaa kwenye rejeta, na kilichokuwa tundu la sindano kimekuwa kompresa mpya, draya (kinyonya unyevu) mpya na siku nzima ya kusafisha mabomba. Ukiamua kuifuata njia hii, hakikisha kwanza unalipenda gari lako kiasi cha kulinunua mara mbili.

Hatua ya tatu na ya nne hufanywa na shemeji.

Shemeji hajaitwa, amekuja mwenyewe. Ameona video kwenye simu. Anataka kujua kama gesi ipo, na njia aliyoiona ni kufungua kifuniko cha valvu na kubonyeza kipini kwa bisibisi. Fyuuu! "Ipo," anasema, na ni kweli ilikuwepo. Ile iliyotoka inakuwa chini ya nyuzi sifuri kwa sekunde chache, inatosha kuunguza kidole kwa baridi na kupofusha jicho lililoinamia karibu. Waondoe watoto wake kabla hajaanza.

Shemeji hajui kwamba fyuuu yake imejadiliwa na mataifa. Magari ya zamani yalitumia gesi ya R-12, iliyotoboa tabaka la ozoni hadi dunia ikaandikiana Itifaki ya Montreal mwaka 1987. Ikaja R-134a, ambayo haidhuru ozoni lakini inashika joto: kilo moja ikiachiwa hewani huipasha dunia kama kilo 1,300 na zaidi za kaboni dioksidi kwa muda wa miaka 100. Oktoba 2016 wajumbe wakakutana tena kukubaliana namna ya kuzipunguza gesi za ukoo huu, na walikutania wapi? Kigali. Barabara hiihii, ukishavuka Rusumo unahamia mkono wa kulia na kwenda moja kwa moja. Marekebisho yale yakaitwa ya Kigali na yakaanza kutumika Januari 2019. Malori yanayotoka huko yanapita Benaco kila siku, lakini habari hii inaelekea hakuna aliyeipakia.

Hatua ya tano, shika mabomba. Subiri shemeji aende kunywa chai. Injini ikiwa inanguruma na AC imewashwa, kuna bomba nene na bomba jembamba yanayoingia ukutani kuelekea kwenye dashibodi. Nene linatakiwa liwe baridi na lenye jasho, mithili ya chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Jembamba liwe na uvuguvugu. Yakiwa na joto sawa, hakuna kinachoendelea: aidha gesi haitoshi au kompresa inazunguka bure. Bomba linalotoka kwenye kompresa kwenda mbele usilishike kabisa, ni la moto wa kuacha ngozi. Ukitaka kulihakikisha mwite shemeji.

Sasa tumefika mahali ambapo wilaya yenyewe inafanya kazi ya ufundi bila malipo. Kama AC inapuliza baridi ukiwa mwendoni na joto ukisimama, pa kulithibitisha ni Nyakahura, penye mizani. Jipange nyuma ya malori ya Kigali na Bujumbura, zima muziki, subiri. Gari likiwa kasi, upepo wa barabarani unaipoza rejeta ya AC, ile ya mbele kabisa, iliyotangulia rejeta ya maji. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni peke yake. Feni ikiwa imekufa au inazunguka kwa kusuasua, gesi haipati pa kutua joto lake, presha inapanda, na dakika chache baadaye unapumua moshi wa lori kwa joto la nyuzi 40. Ukiona hivyo umeshapima. Hujalipa kitu, na foleni bado haijasogea, kwa hiyo una muda wa kutafakari.

Feni ikiwa nzima, tazama rejeta yenyewe. Ya Kagera ina maisha yake. Kiangazi inajaa vumbi jekundu mpaka mapezi yanapotea. Masika inapokea tope linalorushwa na kila anayekupita. Na msimu wa senene, Novemba na Desemba, gari lililotembea usiku upande wa Muleba linarudi na kitoweo cha familia kimekwama mbele. Watoto hukitolea macho, mpishi hukikataa kwa sababu kina grisi. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida, kutokea nyuma kuja mbele kama unaweza kufika. Wale vijana wenye mashine ya kuoshea magari, yenye mdomo wa kukata tope la trekta, wasogeze mbali. Mapezi yale ni laini kuliko karatasi na yakilala hewa haipiti tena.

Umefanya yote hayo na joto lingalipo. Haya, nenda gereji. Mazungumzo yatakuwa hivi:

"Fundi, AC inapuliza joto."

"Gesi imeisha, bosi."

"Imekwenda wapi?"

"Inaishaga tu."

Hapa naomba tusimame, maana kwenye hilo neno "inaishaga" ndipo zinapopotelea pesa za wilaya mbili. Petroli huisha kwa sababu inachomwa. Gesi ya AC haichomwi wala hailiwi. Iko ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote, inazunguka: kompresa inaibana inakuwa ya moto, rejeta ya mbele inaitoa joto mpaka inageuka maji, maji yanapita kwenye tundu dogo la valvu, presha inaanguka ghafla, na ndani ya dashibodi yanachemka tena kuwa gesi. Kuchemka huko ndiko kunakonyonya joto la abiria. R-134a ikiachwa huru huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo hata asubuhi ya Murgwanza, kwake ni jiko. Kisha inarudi kwenye kompresa na kuanza upya, miaka nenda rudi. Mipira huipitisha kidogo sana kadiri gari linavyozeeka, hilo ni kweli. Lakini kiyoyozi kilichojazwa Pasaka na kupuliza joto Idi hakijala gesi. Kina tundu.

Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakupangisha baridi kwa mwezi. Wapo wateja wanaoridhika na mpango huo na kuulipa bila kukosa, na mwongozo huu hauwezi kuingilia upangaji wa watu wazima.

Anayetaka kununua moja kwa moja, alitafute tundu. Na katika hili Ngara imebarikiwa kuliko Dar es Salaam. Gesi inapovuja inatoka na oili kidogo, na oili hudaka vumbi. Mwenye gari la mjini anahitaji taa ya bluu na dawa ya rangi; wewe piga safari moja Rulenge kwa barabara ya vumbi, rudi, fungua boneti. Mahali popote kwenye maungio ya mabomba palipojijengea kichuguu cheusi chenye unyevu wakati pengine ni vumbi kavu, ndipo. Thibitisha kwa povu la sabuni ya unga iliyokorogwa nzito. Likitoa mapovu madogo yanayoendelea kukua, umelikamata. Mara nyingi ni mpira wa duara ndani ya maungio, kitu cha bei ya vocha. Mara nyingine ni rejeta ya mbele, iliyotobolewa na kokoto kutoka kwenye tairi la lori. Likiwa ndani ya dashibodi, kwenye ile rejeta ndogo inayokutana na hewa unayoivuta, pole. Dashibodi nzima itashuka, na magari yaliyoshushwa dashibodi huwa hayanyamazi tena yakiwa kwenye matuta.

Fundi mwenye geji msikilize, hata kama amezitundika shingoni kwa mapambo. Injini ikiwa imezimwa muda mrefu, mishale yote miwili, wa bluu na wa nyekundu, husoma sawa; kwa siku ya nyuzi 25 ni paundi 80 na ushee. Watu hufurahi hapo na kusema gesi imejaa. La. Geji ya injini iliyozimwa inakuambia gesi ipo, haikuambii ni kiasi gani. Vijiko vichache vya maji yake vinatosha kuleta presha hiyo. Iwashwe. Bluu ikicheza kati ya 25 na 40, nyekundu kati ya 150 na 250, mambo ni mazuri. Zote zikiwa chini, gesi haitoshi. Zote zikiwa juu, rejeta chafu, feni imekufa, au uliambiwa "ngoja niongeze kidogo" na ukakubali. Bluu juu na nyekundu chini ni kompresa iliyochoka. Bluu ikizama mpaka chini ya sifuri, kuna kilichoziba, na kama huwa inapoza vizuri nusu saa, inakata, kisha inarudi gari likipumzika, ni unyevu unaganda barafu kwenye valvu.

Unyevu huo uliingizwa na nani? Na aliyefungua mabomba siku tatu akienda kutafuta spea Kahama. Ndiyo maana baada ya kuziba tundu hubadilishwa draya, kisha hewa yote hunyonywa kwa pampu ya vakyumu nusu saa au zaidi kabla ya kujaza. Na hapa kuna fumbo la milimani ambalo limeshavunja urafiki. Fundi aliyesomea pwani anajua geji ya vakyumu ishuke karibu inchi 30. Huku juu, mita 1,500 na zaidi, hewa yenyewe ni nyepesi. Hata pampu iliyotoka dukani leo itaishia kwenye 25 hivi, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyopungua. Fundi analaumu pampu, mwenye pampu analaumu mipira, mwenye gari anawalaumu wote wawili. Mwenye kosa ni kilima. Cha kutazama ni kimoja tu: pampu ikizimwa, mshale usirudi. Ukirudi, tundu la pili lipo, tena sasa hivi linavuta hewa ya gereji.

Kiasi cha kujaza hakijulikani kwa kugusa bomba na kufumba macho. Kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, kwa Kijapani, lakini tarakimu ni zilezile tulizosoma shuleni, na zinafuatwa na herufi moja ya gramu. Mtungi huwekwa juu ya mizani. Ukimwomba fundi mizani atakutazama kana kwamba umeomba cheti chake cha ndoa. Omba tu. Mwenye duka la maharage jirani anayo.

Na yupo atakayekuambia, kwa sauti ya chini, kwamba gesi ya mtungi wa jikoni inapoza zaidi na ni rahisi. Kwamba inapoza ni kweli. Ni kweli pia kwamba inawaka, na kwamba likitokea tundu ndani ya dashibodi itakuwa imejaa pale mlipoketi, vioo vimefungwa kwa sababu ya mbung'o, mmoja wenu anatafuta kiberiti. Kwenye hili mwongozo unaacha utani: kataa, na gari liondoe.

Limebaki tatizo moja la kienyeji ambalo vitabu vya Japani haviliandiki, nalo ni panya. Dalili zake ni upepo kuwa mdogo hata ukiweka namba nne, harufu ya ghala, na mara mojamoja bua linaloruka kutoka kwenye tundu la hewa na kutua kwenye miwani ya abiria wa mbele. Gari lililolala karibu na mahindi limepata wapangaji. Fungua kisanduku cha mbele ya abiria, kichomoe. Nyuma yake kuna filta ya hewa ya ndani. Utakuta nyasi, maganda ya karanga, pengine risiti uliyoitafuta sana ya mizigo. Kama filta haipo kabisa, usishangae. Kuna fundi aliyeitoa ili "ipulize vizuri", na vumbi lote tangu siku hiyo limekwenda kukaa kwenye ile rejeta ndogo ya ndani.

Ikishapona, abiria wa kwanza kukushtua atakuwa yule atakayeinama mnapoegesha na kupiga kelele kwamba gari linavuja. Ni maji safi, yanayodondoka upande wa abiria wa mbele au katikati. Ni unyevu wa hewa umegandamana kwenye rejeta ya ndani na kupata njia yake ya kutokea. Mwambie ni dalili njema. Hataamini, atakwenda kumwambia mwenye duka, na mwenye duka atamwita fundi. Fundi akifika usimpe nafasi ya kuzungumza.

Jaribio rasmi lifanyike mchana kutoka Lusahunga hadi Benaco, vioo juu, kitufe cha kuzungushia hewa ya ndani kimewashwa, kipimajoto kimechomekwa kwenye tundu la katikati. Kikisoma nyuzi sita, saba, hata kumi, mlipe mtu haki yake. Usifanyie majaribio kwenye daraja la Rusumo, ambako upande wa kuendesha unabadilika na akili inatakiwa yote barabarani. Mchukue na mama mkwe, aketi nyuma, maana bila shahidi wa upande wake kazi hii haitatambuliwa kwenye familia. Baada ya kilomita chache ataomba kitenge cha kujifunika. Atajifunika mpaka mabegani, atapiga chafya moja ya heshima, halafu atashusha kioo cha upande wake kidogo, hewa iingie. Mbung'o wawili wataingia nayo. Endesha.